Kipimo cha Masikio

Agosti, Al-Khoudh, saa nne usiku,
na kuta bado zina homa ya mchana.
Nimezima kiyoyozi ili tusikie.
"Tutakufa," anasema Maliha.
"Dakika kumi tu," nasema, na kila mtu nyumbani humu
anazijua dakika zangu kumi.

Mezani: kompyuta iliyovuliwa kifuniko,
kisanduku cha sauti nilichokinunua Ruwi kwa Biju,
riyali nne na baisa mia tano, tumebishana hadi adhana ya Isha;
spika mbili za mbao nilizozichonga mwenyewe,
moja imepinda. Sisemi ipi.
Mengine yote ya bure:
programu bure, muziki bure,
na faili ya kupimia masikio, bure pia,
imewekwa na mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua,
aliyeandika chini yake: chukua, gawa, usiniulize.

Ni mlio mmoja tu. Unaanza chini, kama jenereta ya jirani,
unapanda, unakuwa filimbi, unakuwa sindano,
halafu inategemea sikio la nani.
Sheria: usiposikia tena, inua mkono.

Bibi Thuwaiba aliinua kwenye hezi elfu nne.
"Kimekwisha," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.
Kumbe kilikuwa hakijaanza.
Shemeji Hilali, fundi wa visima vya mafuta Marmul,
mashine zimemla: elfu tisa.
Akadai spika ndiyo mbovu, ile iliyopinda.
Maliha elfu kumi na nne,
akatutazama kama mtu aliyeshinda mnada.
Mimi, mwenye vyombo, mwenye kiburi cha vyombo,
elfu kumi na mbili na nusu.
Nikarudia mara tatu.
Elfu kumi na mbili na nusu.

Ghalia, miaka minane: mkono hauinuki.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Kwetu sote chumba kimya, jasho linashuka shingoni,
na yeye peke yake kakunja uso
kama anayetafuna ndimu.
"Bado kipo, baba. Kinakwaruza."
Kumi na saba na kitu, ndipo akainua.

Nikawaza faili zangu.
Elfu moja na mia nne, nimezipakua usiku baada ya usiku,
udi wa watu wasiotaka malipo,
zote zimebanwa zipate kuenea,
na mbanaji huanza kukata juu,
pale alipokwisha kuhesabu kwamba hakuna anayesikia.
Nikaifungua moja, nikaitazama kwa rangi:
ndimi za moto, cheche za kucha juu ya nyuzi,
kisha, kwenye elfu kumi na sita, ukingo ulionyooka, kazi ya wembe,
na juu yake weusi.
Hakuna anayesikia. Ila huyu.
Miaka yote namvisha kanzu isiyo mabega
na kujisifu kwa mshono.

Bibi akauliza mbona nimenyamaza.
Nikamweleza, vibaya, kwa mikono.
Akacheka.
"Sabini na mbili nilishuka hapa, sina Kiarabu ila cha sala.
Nikisema, watu wananitazama mdomo.
Kiswahili changu hakikukatwa, mwanangu.
Masikio yao ndiyo yaliyoishia chini.
Nikakaa nacho jikoni. Nikasema na sufuria."
Kisha akataka ule udi upigwe.
Akasogeza kiti, akaweka kiganja juu ya spika,
ile iliyopinda,
wala sikio hakulitega.

Siku hizi natafuta zisizobanwa. Zipo, bure vilevile,
ila nzito: moja inameza intaneti yetu usiku kucha
na Hilali anapiga simu kulalamika mpira umekwama.
Leo alfajiri imefika ya kwanza.
Ghalia kasikiliza mpaka mwisho, kavua hedfoni.
"Ehe? Huko juu kuna nini?"
Akafikiri.
"Kuna mchanga. Mtu anaumwaga polepole."

Nikazivaa mimi.
Udi, mzuri sana.
Udi tu.